Shajara ya mradi: tarakimu saba, sauti nne, na vigeu visivyoalikwa

Novemba, juma la kwanza

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, kwa hiyo shajara inaanza leo. Swali letu ni fupi: mtu anayesoma tarakimu kwenye skrini ili azirudie kwa mpangilio uleule, je, maneno yanayomwingia masikioni humvuruga hata kama ameambiwa asiyajali? Jibu la jumla lina umri sasa. Mwaka 1976 Colle na Welsh waliwapa wanafunzi wa Marekani herufi za kukumbuka huku matini ya Kijerumani ikisomwa kwa sauti. Wanafunzi hawakujua Kijerumani, na bado walikosea zaidi kuliko palipokuwa kimya. Mwaka 1987 Salamé na Baddeley wakaonyesha kwamba mvumo usiobadilika hauna madhara ya namna hiyo. Kilichovuruga ni usemi.

Sisi tunataka kuona kama hali ni hiyohiyo kwa wanafunzi wa chuo wanaozungumza Kiswahili, wakikumbuka tarakimu za Kiswahili, katika chumba cha kawaida chenye paa la bati hapa Morogoro. Maabara ya kuzuia sauti hatuna. Tunapima athari ya sauti mahali palipojaa sauti, na ndiyo maana sehemu kubwa ya shajara hii itahusu vitu ambavyo havimo kwenye swali.

Kigeu ni kitu chochote kinachoweza kubadilika katika jaribio. Kigeu huru ni sauti inayotoka kwenye hedifoni. Kigeu tegemezi ni tarakimu ngapi zimewekwa kwenye nafasi yake sahihi. Vingine vyote vinavyoweza kusogeza alama juu au chini ni vigeu vya nje: joto, njaa, usingizi, bodaboda, sura ya msaidizi. Havina uzito sawa. Joto linalowachosha washiriki wote kwa kiwango kilekile katika hali zote linatia ukungu tu. Alama zinashuka, lakini ulinganisho unabaki wa haki. Hatari ni kigeu kinachoiangukia hali moja kuliko nyingine, maana mwishoni huwezi tena kusema ni kipi kilicholeta tofauti. Nimesoma maandiko mengi ya utafiti ya wenzangu yenye orodha ndefu ya "vitu vitakavyodhibitiwa" ambamo rangi ya pazia na utambulisho wa msaidizi vimepewa mstari mmojammoja, kana kwamba vinalingana. Kila kigeu nitakachokiandika humu nitakiuliza swali moja: kinaangukia wapi?

Novemba, juma la pili: sauti zenyewe

Hali ni nne. A ni kimya. B ni usemi wa Kiswahili. C ni usemi usioeleweka. D ni mvumo usiobadilika.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya C. Mwenzangu alipendekeza Kifini, akiwa na hakika kwamba hakuna mwanafunzi wa Morogoro anayekielewa. Lugha za nyumbani hazifai kabisa, kwa sababu katika darasa moja utampata Mluguru, Msukuma, Mhaya na Mmakonde, na lugha isiyojulikana na mmoja ni lugha ya mama kwa jirani yake. Msimamizi alisikiliza, kisha akauliza:

"Huyo Mfini ni mwanamume au mwanamke?"

"Tutatafuta mwanamke, Dokta, ili afanane na msomaji wetu."

"Anasoma kwa kasi gani? Sauti yake ni nyembamba au nzito? Tofauti ikitokea, utajuaje ni lugha na si huyo mama?"

Ndipo tukaamua kugeuza rekodi yetu wenyewe, ichezwe kutoka mwisho kwenda mwanzo. Msomaji ni yuleyule, ukali wa sauti ni uleule, urefu ni uleule, na maana imeondoka. Si suluhisho kamili. Usemi wa kawaida huanza silabi kwa kishindo na kufifia. Ukigeuzwa, sauti inajaa polepole kisha inakatika ghafla. Lakini hiyo ni tofauti moja tunayoijua na tunayoweza kuitaja kwenye ripoti, badala ya tofauti nyingi zilizofungwa ndani ya mtu mmoja.

Matini ya kusomwa inahusu kilimo cha kahawa, mada isiyomchekesha wala kumkasirisha mtu. Sharti lilikuwa isiwe na jina la tarakimu yoyote. Salamé na Baddeley walijaribu hata maneno yasiyo tarakimu lakini yenye sauti zilezile za tarakimu, na yakavuruga sawa na tarakimu zenyewe. Kuondoa "mbili" na "tano" ni rahisi. Kazi ilikuja tulipoanza kusikiliza badala ya kusoma. "Pamoja" imebeba moja tumboni. "Mkutano" na "mapatano" zina tano. "Sababu" inaanza na saba, "utatuzi" una tatu katikati, na mkulima hawezi tena "kusita" kupalilia. Hata "mara moja" na "moja kwa moja", ambazo msomaji anazitamka bila kufikiri, zimetoka. Matini imebaki na Kiswahili kilichonyooka kidogo kupita kiasi, lakini haina tarakimu hata iliyojificha.

Rekodi zote zimesawazishwa zitoke kwa desibeli 65 kwenye sikio la hedifoni. Tulijaribu programu za simu za kupimia sauti: simu zilizowekwa bega kwa bega juu ya meza moja zilitoa majibu tofauti. Tumeazima mita halisi kwa wenzetu wa afya ya mazingira.

Novemba, juma la tatu: tarakimu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo majaribio yaliyotungwa kwa Kiingereza yanapovunjika yakiletwa kwetu bila kukaguliwa.

Mwaka 1975 Baddeley, Thomson na Buchanan walionyesha kwamba mtu huweza kurudia kwa mpangilio takriban kile anachoweza kukitamka kwa sekunde 2 hivi. Maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa hukumbukwa machache. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walitazama Kiwelshi, ambacho tarakimu zake huchukua muda zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza, na watu waliojua lugha zote mbili wakarudia chache zaidi kwa Kiwelshi. Sasa zitaje zetu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Silabi mbili kila mahali, na mbili ina tatu ukiihesabu ile m ya mwanzo. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi zaidi ya moja. Atakayechukua viwango vya Marekani na kuwapima navyo watoto wa Kitanzania ataandika kwamba kumbukumbu yao ni fupi, kumbe kilichokuwa kirefu ni maneno.

Kwetu tatizo lina tabaka la pili. Mwanafunzi wetu amesoma sekondari kwa Kiingereza. Akiona 7 kwenye skrini, kichwani anasema "saba" au "seven"? Wasikilize watu wakitaja namba za simu, utasikia zote mbili, wakati mwingine ndani ya namba moja. Anayejisemea kwa Kiingereza anabana tarakimu nyingi zaidi ndani ya zile sekunde 2. Kama lugha hiyo ya kimyakimya ingekuwa ileile kwa mtu katika hali zote nne, isingetusumbua, kwa sababu kila mshiriki anapita hali zote na analinganishwa na nafsi yake. Wasiwasi ni kwamba usemi wa Kiswahili masikioni unaweza kumsukuma mtu akimbilie Kiingereza ili kujitenga nao. Hapo kigeu cha nje kinaiangukia hali B peke yake. Kwa hiyo tarakimu zinaonyeshwa kwa maneno: tano, nane, mbili, moja, zikitokea mojamoja, kila moja kwa sekunde moja. Mwishoni tunauliza, "Ulikuwa ukijisemea kwa lugha gani?"

Halafu kuna kufanana kwa sauti. Conrad alionyesha mwaka 1964 kwamba watu waliosoma herufi kwa macho huzichanganya zile zinazofanana kwa sikio. Sisi tuna sita na tisa: sauti zilezile, konsonanti zimebadilishana viti. Tatu na tano zinakaribiana, nne na nane pia. Hatukutaka kuziondoa zote maana tungebaki na orodha ya kitoto. Tumeamua sita na tisa zisikae jirani kamwe, na kila jozi ya namna hiyo itokee mara sawa katika seti zote nne za mifuatano.

Mwanafunzi aliyetusaidia kupitia orodha ya kwanza alitucheka. "Ule wenye Muungano ulikuwa wa bure," alisema. Mfuatano mmoja ulikuwa na 1, 9, 6, 4 zikifuatana, naye aliukumbuka kama kitu kimoja badala ya vinne. Sheria ya sita na tisa imekwisha kuondoa 1964, na 1967 ya Azimio la Arusha imekwenda nayo. Tumeongeza marufuku ya 1978 na 1985, ya vianzio vya namba za simu kama 754 na 713, na ya tarakimu tatu zinazopanda au kushuka kwa mfululizo.

Hata hivyo seti moja inaweza kuwa rahisi kuliko nyingine kwa namna tusiyoiona. Dawa yake ni kuzizungusha: seti ya kwanza kwa mshiriki huyu iko kwenye kimya, kwa mwingine iko kwenye usemi, kwa mwingine kwenye mvumo. Urahisi wake, kama upo, umegawiwa hali zote.

Novemba, juma la nne: chumba

Chumba kiko upande wa nyuma, mbali na kijiwe cha bodaboda. Dirisha moja, pazia nzito, taa ileile kila wakati.

Bila feni hakikaliki. Feni ina sauti. Kwa hiyo feni inawaka kwenye kasi ileile katika hali zote nne, na hali A tumeibadilisha jina kwenye kumbukumbu: haiitwi tena "kimya", inaitwa "feni peke yake". Nadhani utafiti mwingi unaodai kuwa na hali ya kimya ungefanya vizuri kuita vitu kwa majina yake.

Vipindi ni saa 2:30 hadi saa 5:30 asubuhi tu. Hiyo inatukwepesha adhana ya adhuhuri, joto la mchana na usingizi wa baada ya ugali kwa mkupuo mmoja. Kilichobaki kisicho na ratiba ni mashine ya kufyekea majani. Nilimfuata mzee wa bustani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Majani yamewakosea nini tena?"

Nilipomweleza alikubali upande wetu aufyeke jioni. Akasema ni mara ya kwanza mtu wa chuo kumweleza sababu ya ombi. Kwa thamani ya udhibiti uliopatikana kwa dakika moja, mazungumzo hayo yanazidi pazia na taa zote.

Desemba, juma la kwanza: msaidizi

Kigeu cha nje kigumu kuliko vyote kina masikio, kina macho, na kinataka mradi ufanikiwe.

Kila anayesoma saikolojia hukutana na farasi Hans wa Berlin. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu mwaminifu asiyemdanganya yeyote. Ukimuuliza farasi hesabu, anagonga kwato mpaka afike kwenye jibu. Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, alifanya mambo mawili mepesi: aliweka waulizaji wasiojua jibu, na alimzuia farasi asimwone muulizaji. Ustadi ukayeyuka. Muulizaji alikuwa anainama kidogo kutazama kwato, kisha anainua kichwa kidogo mno jibu linapofika, bila yeye mwenyewe kujua. Hans alikuwa anasoma kichwa cha mtu.

Wapo wanaodhani hayo ni mambo ya farasi na ya zamani. Mwaka 1996 Bargh na wenzake wa New York waliripoti kwamba vijana waliopewa maneno yanayohusu uzee walitembea polepole zaidi kwenye korido. Mwaka 2012 Doyen na wenzake wa Brussels walilirudia jaribio hilo wakipima mwendo kwa vihisi vya infraredi badala ya saa ya kupimia iliyoshikwa mkononi, na athari haikuonekana. Walipowafanya wasaidizi waamini kwamba washiriki watatembea polepole, athari ikarudi. Kilichobadilika kilikuwa matarajio ya aliyesimama pale chumbani.

Kwetu msaidizi hajui mshiriki yuko hali gani. Maelekezo yote yako kwenye skrini, neno kwa neno, na programu ndiyo inayochagua sauti kwa namba ya siri. Hilo liko kwenye kila kitabu cha mbinu. Lisilokuwemo ni kwamba hedifoni zinavuja. Tulikaa chumbani tukajaribu: hatua mbili kutoka kiti cha mshiriki, mtu anasikia wazi kama kinachochezwa ni usemi au mvumo. Siri yote ya programu inapitia pembeni ya sikio. Sasa tunatumia hedifoni zinazofunika sikio lote, msaidizi anakaa nje ya mlango, naye amevaa hedifoni zake zenye mvumo mpaka taa ndogo ya mlangoni izimike.

Suala la heshima nalo limetuchukua muda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikaribishwa na mhadhiri anamwamkia, ananyooka, na anafanya jaribio kama mtihani. Akikaribishwa na mwenzake wa mwaka wa tatu anasema "mambo", anakaa, anaegemea. Wasaidizi wetu ni wawili, kaka na dada, wote wa mwaka wa tatu, na mimi siingii kabisa. Kila mmoja anahudumia mipangilio yote ya hali kwa idadi sawa, ili kama washiriki wanajitahidi zaidi mbele ya mmoja wao, juhudi hiyo isirundikane upande mmoja. Salamu pia imeandikwa. Dada alilalamika kwamba inamfanya aonekane kama roboti. Tumekubaliana maneno yabaki na tabasamu liwe la hiari yake.

Desemba, juma la pili: mshiriki anataka nini

Martin Orne aliandika mwaka 1962 kuhusu kitu ambacho kila mwalimu hapa angekitambua. Aliwapa watu rundo la karatasi 2,000 hivi za kujumlisha tarakimu ovyo, kazi isiyo na maana, akitarajia wataiacha. Hawakuiacha. Akawaambia kila wakimaliza karatasi waichane vipande visivyopungua 32, kisha waendelee na inayofuata. Wakachana, wakaendelea. Mtu akijua yuko kwenye jaribio, anatafuta jaribio linataka nini, na analipa.

Kwenye jaribio letu la awali, washiriki waliulizwa mwishoni wanadhani tulikuwa tunatafuta nini. Wengi walisema tunapima akili. Mmoja alidhani tunachagua watu wa ufadhili. Mwingine alikuwa na hakika kwamba sauti iliyogeuzwa ilikuwa na ujumbe wa siri, na aliisikiliza kwa makini ili aje kuujibu. Jibu hilo la mwisho ndilo lililotushtua, kwa sababu linaiangukia hali C peke yake: mtu anayeamini kuna ujumbe hajaidharau sauti, anaifanyia kazi. Maelekezo sasa yanasema wazi kabla ya kuanza kwamba sauti zote hazina kitu cha kukumbuka wala kuulizwa, na kila mtu anasikilizishwa kionjo cha kila moja mapema, mshangao uishe kabla ya tarakimu ya kwanza.

Swali la "nimefaulu?" lina jibu moja: "Asante sana, hapa hakuna kufaulu wala kufeli." Kaka alitaka kuongeza "umejitahidi". Tumekataa, maana mshiriki anayefuata yuko kwenye benchi anasikia.

Jambo jingine la awali: mifuatano ya tarakimu nane ilikuwa mizito mno, wengi waligonga sakafu, yaani walikosea karibu zote, hata kwenye feni peke yake, na aliyekwisha kugonga sakafu hana pa kushukia. Tumeshuka hadi saba.

Januari, juma la kwanza: nani anapangiwa nini

Kila mtu akipita hali zote nne, tumezima kwa pigo moja tofauti za akili, shule, jinsia na macho. Tumewasha nyingine: uzoefu na uchovu. Hali ya kwanza inapata mshiriki mgeni, ya mwisho inapata aliyechoka. Mipangilio yote inayowezekana ya hali nne ni 24; tunatumia minne iliyochaguliwa ili kila hali ikae kila nafasi mara moja, na kila hali iifuate kila nyingine mara moja:

A B D C
B C A D
C D B A
D A C B

Ukiikagua utaona B inaifuata A mstari wa kwanza, D mstari wa tatu, C mstari wa nne. Usemi haumfuati kila mara mtu aliyetoka kupumzika.

Sasa nani anapata mstari upi? Hapa nilibishana na watu wawili waliosema kura ya kawaida inatosha. Kwa washiriki maelfu ingetosha. Lakini lengo letu ni washiriki 48, na wanafunzi wanaojitokeza mwanzoni si sawa na wanaojitokeza mwishoni. Bumu, yaani fedha za kujikimu za wanafunzi, likitoka, wanaokuja ni wapenzi wa saikolojia na wadadisi. Bumu likiisha, wanakuja wanaotaka vocha tunayompa kila mshiriki, na baadhi hawajanywa chai. Wakikaribia mitihani wanakuja wachache, wamekesha. Kura ya kawaida inaweza kurundika wenye njaa kwenye mstari mmoja kwa bahati tu. Kwa hiyo tunapiga kura ndani ya kila kundi la watu wanne: kila wanne wanaofuatana wanagawana mistari yote minne. Njaa haijaondoka, lakini imegawiwa.

Vocha inatolewa kabla ya kuanza, si baada, na ni ya kiasi kilekile kwa kila mtu.

Januari, juma la tatu: mvua

Ukusanyaji unaendelea, na milima ya Uluguru haijatuonea huruma. Kuhusu mvua nataka kuandika kwa urefu, kwa sababu kila mtu anayenishauri ananiambia jambo lilelile: "Mvua inawanyeshea wote, itajisawazisha."

Haijisawazishi. Mvua ya mfululizo juu ya bati ni mvumo. Ikinyesha mshiriki akiwa kwenye hali D, mvumo wa hedifoni unaifunika, haisikiki. Ikinyesha akiwa kwenye A, hakuna cha kuifunika, na hali A inageuka kuwa hali D bila kibali chetu. Tukikusanya data za siku hizo na kuona kwamba feni peke yake na mvumo havitofautiani, tutatangaza kwa furaha kwamba mvumo hauna madhara, kama ilivyotarajiwa, kumbe tumelinganisha mvumo na mvumo. Ubaya zaidi ni kwamba kosa hilo linatupa jibu tunalolitaka. Kosa linaloharibu matokeo utalitafuta. Linaloyapendezesha utalikaribisha na kulikalisha kitini.

Kwa hiyo sheria iliyoandikwa kabla ya mshiriki wa kwanza inabaki ilivyo. Mita iko ukutani. Ikipanda zaidi ya desibeli 5 juu ya kiwango cha feni, au umeme ukikatika na feni kusimama, kipindi kinabatilishwa chote. Anayeamua ni msaidizi, ambaye hajui hali wala alama. Mshiriki anashukuriwa, vocha ni yake, na anayefuata anachukua mstari uleule ili ule mraba wa mistari minne usiharibike. Vipindi vilivyobatilishwa vinahifadhiwa kwenye faili la pekee na vitatajwa kwenye ripoti.

Gharama yake ni vocha na asubuhi zilizopotea. Mwenzangu wa takwimu alipendekeza turudie tu ile hali iliyonyeshewa mwishoni mwa kipindi. Nimekataa: hali hiyo ingekuwa imehamia nafasi ya mwisho, kwa mshiriki aliyechoka zaidi.

Februari, juma la kwanza

Umbeya wa hosteli. Kiongozi wa darasa alinionyesha ujumbe kwenye kundi lao la WhatsApp: "Wakiwasha ile sauti ya kinyumenyume, imba kimoyomoyo." Mbinu mbovu, kwa bahati, maana kuimba kunakula nafasi ileile ya kujisemea tarakimu, lakini ni kigeu kipya kinachoiangukia C. Tumeongeza swali la mwisho: "Kabla hujaja, uliambiwa nini?" Wanaotaja mbinu wanatiwa alama. Uchambuzi utafanywa pamoja nao na bila wao, na yote mawili yataripotiwa. Hilo limeandikwa kwenye mpango leo, kabla ya mtu yeyote kuona alama.

Februari, juma la pili

Ramadhani iko mlangoni na makundi kadhaa ya wanne hayajakamilika. Tulikuwa na njia tatu: kusimama mpaka baada ya Idi, kuwachukua wasiofunga tu, au kuendelea. Kuwachukua wasiofunga tu kungebadilisha washiriki wenyewe katikati ya utafiti. Kusimama kungetupeleka kwenye mvua za masika, ambazo kwa bati letu ni mbaya kuliko swaumu. Asubuhi saa 2:30 aliyefunga ana saa chache tu tangu daku. Kilichopungua zaidi ni usingizi, na usingizi huo anao katika hali zote nne.

Tunaendelea. Kufunga au kutofunga kunaandikwa kwa hiari ya mshiriki, pamoja na saa alizolala. Kundi lolote la wanne lililoanza kabla ya mwezi kuandama linamalizwa kabla; makundi mapya yanaanza na kuishia ndani ya Ramadhani, ili hakuna kundi lenye mguu huku na huku. Wasaidizi wamepewa orodha mpya ya zamu leo, na faili la alama litaendelea kufungwa kwa nywila aliyonayo msimamizi peke yake mpaka kundi la mwisho litimie.